Chati ya nambari 1 hadi 100: yanayodhaniwa na yalivyo

"Akiimba moja mpaka mia, anajua kuhesabu."

Anajua wimbo. Funika 47 kwa kizibo cha soda, muulize ni nambari gani imejificha na amejuaje. Anayerudi kuanza 41, 42, 43 bado anategemea wimbo. Anayesema "juu yake kuna 37, chini yake 57" ameanza kuisoma chati. Tumia vizibo vitano, uvitawanye. Ukifunika nambari zinazofuatana, wimbo utamtoa hadi mwisho nawe hutajua lolote.

"Kiswahili hakina matatizo ya majina ya nambari."

Ni kweli nusu. Kumi na moja inasema wazi kilichoandikwa, kumi halafu moja. Makumi ndiyo yenye mtego. Sitini, sabini na tisini unazisikia sita, saba na tisa ndani yake, kwa kuwa zote zimetoka Kiarabu. Lakini tatu haisikiki katika thelathini, wala nne katika arobaini, wala tano katika hamsini, wala nane katika themanini. Kwa hiyo usishangae mtoto kukwama 29, 39, 49 au 79 akakosa jina linalofuata, lakini 59, 69 na 89 akateleza vizuri. Andika pembeni mwa chati makumi 2, makumi 3, makumi 4, na msome kwa pamoja: "makumi matatu na nne, thelathini na nne".

"Kushuka mstari mmoja kunaeleweka tu."

Hapa walimu wengi hawaangalii lugha yao wenyewe. Bei ya nyanya soko la Kongowea ikishuka, imepungua. Maji yakishuka, yamepungua. Kisha kwenye chati mwalimu anasema "shuka mstari mmoja" na nambari inaongezeka kwa 10! Mtoto aliyeulizwa 34 na 10 akajibu 24 si mzembe; amefuata neno. Kuna njia mbili. Ya kwanza, usiseme shuka wala panda, sema "ongeza kumi" huku kidole kikienda chini. Ya pili ni bora zaidi kwa gredi ya 1: chora chati inayoanzia chini, 1 kwenye pembe ya chini kushoto na 100 juu kulia, kama orofa. Ukipanda ghorofa moja umeongeza 10, ukishuka umepunguza 10, na lugha inakubaliana na macho.

"Ubao wa nyoka na ngazi ni chati ileile."

Hapana. Kwenye ubao wa kawaida mistari hugeuka: 11 iko juu ya 10, na 20 iko juu ya 1. Kupanda kutoka 1 kunaongeza 19, kutoka 10 kunaongeza 1. Unafaa kwa kuhesabu hatua za dadu, haufai kuonyesha kumi. Mtoto aliyeuzoea ndiye pia atakayefika 30 kwenye chati akadondoka kwenye 40 badala ya kurudi kushoto kwenye 31.

"Kosa la moja ni la kutokuwa makini."

28 na 5, jibu 32. Kosa hili lina sababu: amehesabu mraba wa 28 kuwa hatua ya kwanza. Weka kete kwenye 28, na neno "moja" litamkwe kete inapotua kwenye 29. Kisha mfunze njia fupi: 2 za kufika 30, na 3 zilizobaki.

"Anayejaza kutoka kulia amechanganyikiwa."

Huenda ametoka chuoni, yaani madrasa, ambako herufi husomwa kutoka kulia. Tarakimu za Kiarabu, hata hivyo, nazo huweka makumi kushoto, kwa hiyo 14 haigeuki 41. Angalia pia kwamba 5 ya msahafu ni kama duara na 6 yake inafanana na 7 yetu. Muulize anaandika ipi kabla ya kumkosoa.

"Chati inatosha, vitu vya kushika ni vya chekechea."

Mraba wa 30 ni mmoja tu, kwa hiyo hauonyeshi vitu thelathini. Toa chelewa za ufagio, uzikate zilingane, ufunge kumi-kumi kwa uzi. Mafungu matatu na chelewa nne, kisha kidole kwenye 34. Fungu moja ni mstari mmoja.

"Chati ya dukani ni bora."

Zenye picha nyingi humvuta mtoto kwenye ndovu, na zenye plastiki hung'aa dirishani. Karatasi ya manila nayo hukunjamana kwa unyevu wa pwani, na selotepu hubanduka. Gunia safi lililopakwa rangi, miraba ya sentimita 8, hudumu zaidi; gridi itakuwa sentimita 80 kila upande. Piga mistari kwanza, andika nambari baadaye.

"Gredi za juu hawana haja nayo."

Chagua kipande chochote cha miraba 3 kwa 3: jumla ya nambari zote tisa ni ile ya katikati mara 9. Au watafute nambari tasa, zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu: futa 1, zungushia 2 na ukate kila ya pili baada yake, fanya hivyo kwa 3, 5 na 7, kisha simama, kwa sababu 11 mara 11 ni 121, imepita chati. Zibaki 25. Zikiwa 26, tazama 91 kwanza: watoto huiacha kwa vile hawaijui kwenye jedwali, nayo ni 7 mara 13. Zikiwa 24, huenda mtu ameikata 2 yenyewe.