Skrini, macho na usingizi: maswali ya walimu na wanafunzi

Kwa nini macho huwasha baada ya kusahihisha kazi kwenye kompyuta?

Kwa sababu unasahau kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Akikodolea skrini, hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na jicho hukauka. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, huku ukipepesa kwa makusudi. Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, na dirisha liwe ubavuni mwako. Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu usijisumbue nayo. Haijathibitika kupunguza uchovu wa macho.

Na shingo?

Inua kompyuta mpakato kwa vitabu hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Ila hapo utahitaji kibodi ya pembeni, la sivyo mabega yatapanda na maumivu yatahamia huko.

Nikiweka simu hali ya usiku, si inatosha kulinda usingizi?

Haitoshi. Ni kweli mwanga huchelewesha melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala. Lakini kinachomfanya mtu akeshe zaidi ni yaliyomo: mabishano ya kundi, matokeo ya mtihani, video inayofuatwa na nyingine. Rangi ya skrini haiyazuii hayo. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Akiamka saa 12 asubuhi, saa 4 usiku awe amelala. Simu ichajiwe nje ya chumba. Wengi hujitetea kwamba ndiyo kengele yao ya kuamkia. Basi tafuta saa ya mezani.

Wazazi hunitumia ujumbe usiku. Nifanyeje?

Mwalimu akijibu mara moja saa 5 usiku, kundi zima limeshajua kuwa yupo. Tangaza mwanzoni mwa muhula saa za kujibu, kwa mfano saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, pamoja na namba ya shule kwa dharura. Ukiandika usiku, panga ujumbe utoke asubuhi.

Nimwone daktari lini?

Ukungu wa macho usiposafika baada ya kupumzika, kichwa kikiuma karibu kila siku, au vidole vikifa ganzi. Ukiona kitu kimoja kama viwili ghafla, nenda siku hiyohiyo.