Je, wajua kwa nini kadi ya RAID iliyotumika huuzwa bei ya kutupa?

Kadi ya RAID huunganisha diski kadhaa zikaonekana kwa kompyuta kama diski moja, ili moja ikifa data ibaki salama. Wazo hilo lilipewa jina lake mwaka 1988 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Kadi mpya ya kazi hiyo huuzwa kwa mamia ya dola. Lakini ile iliyong'olewa kwenye seva ya zamani ya Dell, HP au IBM unaweza kuipata kwa pesa isiyotosha kununua diski moja ya maana. Kuna nini hapo?

Kwanza ni wingi. Vituo vya data hubadilisha seva kwa mafungu, na kila seva ikiondoka huondoka na kadi yake. Wakati huohuo wateja wakubwa wamehamia diski za NVMe (aina mpya ya kasi, isiyopitia waya za diski za zamani), ambazo kadi hizi za zamani hazizitambui kabisa, au wameiachia kazi programu kama ZFS, inayotaka kuziona diski yenyewe bila dalali katikati. Mzigo mwingi, wanunuzi wachache.

Sababu ya pili ndiyo inayowaumiza wanunuzi: kilichoipa kadi thamani yake ndicho kinachochakaa mapema. Ni betri.

Tuchukue RAID 5, mojawapo ya mipangilio ya RAID. Ukibadilisha kipande kidogo cha data, kadi husoma data ya zamani, husoma pariti ya zamani (hesabu inayowezesha kukokotoa upya kilichopotea), kisha huandika data mpya na pariti mpya. Ombi moja, safari nne kwenye diski. Ndiyo maana kadi nzuri huwa na kumbukumbu yake, tuseme megabaiti 512. Inafanya kama karani wa masjala: anapokea barua, anagonga muhuri, wewe unaenda zako, naye ataipeleka kwa mkubwa baadaye. Hali hii kwenye mipangilio huitwa Write Back, na ndiyo inayoleta kasi.

Sasa umeme ukikatika barua zikiwa bado mezani? Betri huihifadhi kumbukumbu ile ikiwa hai, kwa kawaida hadi saa 72 betri ikiwa mpya, mpaka umeme urudi. Betri ya lithiamu huishi miaka michache tu. Ikifa, kadi hujihamisha kimyakimya kwenda Write Through: haigongi muhuri mpaka data ifike kwenye diski. Taa zote ni za kijani, kila kitu kinafanya kazi, ila uandishi umekuwa wa kobe. Hapo umenunua kadi ambayo programu ya bure ya Linux inaweza kuishinda.

Zipo kadi zinazokuruhusu kulazimisha Write Back hata betri ikiwa mfu. Kwa anayeishi na mgao wa umeme, huo ni mchezo wa hatari. UPS inasaidia, lakini haikulindi pale kifaa cha kugawa umeme kilichomo ndani ya kompyuta kinapoungua.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza hali ya betri. Kwa kadi za familia ya LSI, kampuni iliyotengeneza chipu na kadi za RAID, muuzaji makini anaweza kuendesha programu ya MegaCli na kukutumia picha ya ripoti yake. Ukipata kadi inayotumia kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) badala ya betri, ongeza pesa uichukue: umeme ukikatika, kapasita huipa kadi muda wa kunakili kumbukumbu kwenye chipu ya flashi, na kapasita hudumu kuliko betri.

Baada ya betri, tazama chipu kuliko chapa, kwa sababu Dell na IBM waliuza sana kadi za LSI kwa majina yao. PERC 6/i ya Dell iache hata ukipewa bure, kwani haivuki diski ya terabaiti 2. PERC H700, yenye chipu ya SAS2108, inavuka kikomo hicho, na hata leo ni chaguo la heshima kwa diski za kuzunguka. Ila isasishe programu yake ya ndani: mwaka 2010 Dell iliifanya ikatae diski zisizo za Dell, wateja wakapiga kelele, na mwaka huohuo kampuni ikalegeza. HP Smart Array P410 ni rahisi kupatikana, lakini ikija bila moduli ya kumbukumbu haifanyi RAID 5 kamwe. Na kama mpango wako ni ZFS, achana na yote haya. Tafuta LSI 9211-8i au IBM M1015, zenye chipu ya SAS2008, uzibadilishe programu ya ndani ili zipitishe diski zilivyo.

Kuna mtego mmoja wa sura. PERC H710 Mini huwa nafuu kuliko H710 ya kawaida, na picha zake zinavutia. Haiingii kwenye tundu la PCI Express, lile la kawaida la kuchomekea kadi, hata kidogo, maana imeundwa kwa ajili ya kiunganishi maalumu cha seva za Dell.

Kadi sahihi nayo inaweza kugoma kwenye kompyuta ya mezani, mashine ikakataa hata kuwaka. Kwa kadi kadhaa za PERC, dawa ni kipande cha utepe juu ya miguu miwili ya shaba, B5 na B6: wa tano na wa sita kuanzia upande wa bamba la chuma, kwenye uso wenye chipu. Miguu hiyo hubeba mawasiliano ambayo madabodi nyingine hazielewani nayo. Weka pia feni ndogo mbele ya kipoza joto, kwa kuwa kadi hizi zilizoea upepo mkali wa seva. Waya hesabu kando: tundu moja la SFF-8087, la waya wa diski lililo kwenye kadi, hulisha diski nne.

Na ukiweza, nunua kadi mbili za aina moja. Mpangilio wa diski huandikwa kwa namna ya mtengenezaji, hivyo kadi ya LSI ikifa, ya HP haitausoma. Ukichomeka ya akiba ya familia ileile, itaziona diski kama ngeni, utaiamuru ipokee mpangilio wake, na mafaili yako yatarudi.