Harufu Mbaya ya Kinywa Isiyokoma: Tumbo Linasingiziwa

Mtu akinuka mdomo kwa miezi kadhaa, neno la kwanza analoambiwa na ndugu zake ni kwamba tumbo lake ni chafu. Basi hunywa dawa za kusafisha tumbo, humeza vidonge vya vidonda vya tumbo bila kupimwa, na harufu hubaki palepale. Ukweli ni kwamba kwa wagonjwa walio wengi, takriban 8 hadi 9 katika kila 10, chanzo kimo kinywani. Mlango wa tumbo hufungwa na msuli, hivyo hewa ya humo haipandi ovyo. Kucheua asidi mara kwa mara kunaweza kuchangia, lakini hilo ni la kuthibitishwa na daktari, si la kukisiwa.

Kinachonuka hasa ni gesi zenye salfa, mojawapo ikiwa ile ya yai viza, ambazo bakteria huzitoa wanapovunjavunja mabaki ya chakula, seli zilizokufa na damu ya ufizi. Bakteria hao hustawi pasipofikiwa na hewa: nyuma ya ulimi, katika mifuko iliyo kati ya jino na ufizi, na ndani ya jino lililotoboka. Ndiyo maana anayesema "mbona napiga mswaki kila siku" huenda anasema kweli na bado ananuka, kwa kuwa mswaki haupenyi katikati ya magego, na wengi hawausugui ulimi kabisa. Pitisha uzi wa meno kati ya magego ya nyuma, kisha uunuse. Uzi ukinuka, au ukitoka na damu, mwone daktari wa meno akuondolee ugaga, yaani uchafu uliogandamana na jino, ambao mswaki hauwezi kuung'oa. Inasikitisha kwamba wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki wakidhani wanajiumiza, kumbe kwa kawaida damu hiyo ni dalili ya ufizi unaougua, na kuuacha mchafu huzidisha ugonjwa.

Pipi za mnanaa, karafuu na maji ya kusukutua hufunika harufu kwa muda mfupi tu. Sukari ya pipi huozesha meno, na maji ya kusukutua yenye alkoholi yanaweza kukausha kinywa, ilhali mate ndiyo yanayokiosha. Baadhi ya dawa za mzio, za msongo wa mawazo na za shinikizo la damu nazo hupunguza mate. Usiziache, bali mweleze aliyekuandikia.

Si kila chanzo kimo kinywani. Mtoto anayenuka puani upande mmoja tu, huku akitokwa na kamasi nzito, huenda amejiingiza punje ya haragwe au shanga. Vijiwe vyeupe vya kwenye tezi za koo hunuka vibaya vikitoka. Pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, pamoja na kiu kali, kukojoa sana na kutapika, yaweza kuwa kisukari kilichopanda kwa hatari, na mgonjwa huyo apelekwe hospitali mara moja.