Mfamasia na kompyuta yake: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kompyuta ikishaingia katika duka la dawa, mfamasia hubakiwa na kazi ya kuhesabu vidonge na kubandika lebo. Ukweli ni kwamba programu hukagua kile tu ilichoingiziwa. Mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, akiandikiwa metronidazole, dawa ya kutibu maambukizi ya bakteria, skrini hutoa onyo kwamba dawa hizo zikikutana hatari ya kuvuja damu huongezeka, lakini kama warfarin ilichukuliwa kwingine na haimo katika kumbukumbu za duka hilo, skrini itanyamaza, na kinga iliyobaki ni swali la mfamasia: "Kuna dawa nyingine unayotumia, hata kama ni ya mitishamba?"

Wengine huamini kwamba agizo la dawa la kielektroniki, kwa kuwa limeondoa mwandiko usiosomeka, limeondoa na makosa. Mwandiko umeondoka kweli, wala sidhani kuna mfamasia anayeulilia, ila makosa yamebadili sura. Hydralazine hushusha shinikizo la damu, ilhali hydroxyzine hutuliza mwasho. Katika orodha ya kompyuta majina hayo hukaribiana, na kidole kikikosea mstari mmoja, dawa isiyohusika huandikwa kwa herufi safi kabisa. Methotrexate ya ugonjwa wa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, na ikiandikwa ya kila siku inaweza kuua.

Hudhaniwa pia kwamba maonyo yakizidi, usalama nao huzidi. Hali huwa kinyume: mfamasia anayeonywa kwa kila jambo dogo huzoea kuyafunga bila kuyasoma, na lile zito hupita pamoja na mepesi.

Kuna, hatimaye, imani kwamba namba iliyotoka kwenye mashine haina mjadala. Kipimo cha shinikizo la damu cha nyumbani, hata kile kinachotuma matokeo kwenye simu, husoma juu kuliko hali halisi ikiwa mkanda wake ni mdogo kuliko mkono. Kwa hiyo mfamasia anayeonyeshwa namba ya kutisha, ikiwa mgonjwa hana dalili za hatari, huanza kwa kuutazama mkanda, huuliza kama alikaa ametulia kwa dakika 5, kisha humpima upya.