Je, wajua kwa nini vipande vya kurasa za SharePoint vilihama kutoka kwenye seva hadi kwenye kivinjari?

Ukifungua ukurasa wa kazini uliojengwa kwa SharePoint ya Microsoft, unachokiona si kitu kimoja. Habari za ofisi ni kipande, orodha ya nyaraka kipande kingine, kalenda nayo kivyake. Wanaovitengeneza huviita webu pati, na kampuni yoyote inaweza kujiandikia zake. Zamani kodi ya vipande hivyo, yaani maagizo ya programu, ilifanya kazi ndani ya seva, kompyuta inayohudumia kurasa. Leo inafanya kazi ndani ya kivinjari cha anayesoma.

Enzi za SharePoint 2007, webu pati iliandikwa kwa lugha ya programu ya C# na mara nyingi ikasakinishwa kwa imani kamili, yaani bila kuwekewa mipaka, ikaishi katika mchakato uleule unaohudumia kurasa za watu wote. Mmoja akikosea, wote wanaumia. Kosa lililosumbua sana lilikuwa dogo machoni: mwandishi anafungua kitu kiitwacho SPWeb ili asome data ya tovuti, kisha anasahau kuita Dispose, amri ya kukiachilia, akimaliza. Kwa upande wa .NET, jukwaa linaloendesha kodi ya C#, kitu hicho kinaonekana chepesi kama ganda tupu, hivyo mfagiaji wa memori haoni haraka ya kukiondoa. Mzigo wenyewe umejificha nyuma ya ganda, asikoona. Hilo likirudiwa kila ukurasa unapofunguliwa, seva inaelemewa.

Mambo yalipohamia kwenye wingu, ambako seva moja huhudumia makampuni mengi, kodi ya namna hiyo haikuweza tena kupewa nafasi. Toleo la 2010 lilijaribu kuifungia katika eneo lenye mipaka; la 2013 likaiweka nje kabisa, ikaonekana ukurasani kupitia fremu, yaani kidirisha cha ukurasa mwingine. Fremu ilikuwa salama, lakini ilikaa kama kiraka: rangi zake na urefu wake havikufuatana na ukurasa.

Mwaka 2017 ukaja SharePoint Framework. Sasa unaandika kwa lugha ya TypeScript, ukipenda pamoja na React, maktaba ya kuchora kurasa, na kipande kinachorwa moja kwa moja ndani ya ukurasa.

Uzuri wake naupenda zaidi kwenye sifa, yaani mipangilio ya kipande ambayo mhariri anaweza kuibadilisha. Tuseme kipande chako kinaonyesha matangazo matano. Tano hiyo ukiichimbia ndani ya kodi, kila idara inayotaka kumi itakurudia wewe. Itangaze kama sifa: mhariri wa ukurasa anabofya alama ya kalamu, kidirisha kinafunguka pembeni, anasogeza kitelezi hadi kumi, na render, amri ya kukichora kipande, inaitwa tena hapohapo mbele ya macho yake. Hakuna aliyegusa kodi.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitazami kwa makini. Kodi hii inatenda kwa jina la aliyefungua ukurasa, na haioni zaidi ya anachoruhusiwa yeye. Ikitaka data ya nje ya SharePoint, kwa mfano barua pepe kupitia Microsoft Graph, mlango wa programu kufikia data za huduma za Microsoft, lazima msimamizi aidhinishe. Kwa kawaida idhini hiyo haifungwi kwenye kifurushi kilichoiomba, yaani faili linalobeba kipande hicho. Vifurushi vingine vya aina hiyo katika kampuni nzima vinaweza kuitumia pia. Kwa hiyo msimamizi akiletewa ombi la kusoma barua pepe, asikague kilicholeta ombi tu. Akague kila kilichokwisha kuwekwa kwenye katalogi, yaani orodha ya vifurushi vya kampuni.