"OK" Haikuzaliwa Vitani

Wapo wanaoeleza kwa uhakika kwamba neno "OK" ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "hakuna aliyeuawa", yaliyoandikwa ubaoni na askari wa Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Ni maelezo yanayovutia, lakini tarehe zinayakanusha, kwa kuwa neno hilo lilikwisha kuchapishwa miaka 22 kabla ya vita hivyo kuanza.

Lilitokea tarehe 23 Machi 1839 katika gazeti la Boston Morning Post, wakati ambapo waandishi wa mji huo walipenda kufupisha misemo huku wakiiendeleza vibaya kwa makusudi. "All correct", yaani "yote ni sahihi", iligeuzwa "oll korrect", zikabaki herufi mbili. Vifupisho vingi vya namna hiyo vilisahaulika upesi. Hiki, kwa maoni yangu, kiliokolewa na siasa. Mwaka 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, walimpigia kampeni kwa jina la "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook, na herufi zake za mwanzo zikawa kaulimbiu yao. Van Buren alishindwa, neno likasambaa, na baadaye wapiga telegrafu wakalitumia kuthibitisha kwamba ujumbe umepokelewa.

Ushahidi huu ulifukuliwa na mwanaisimu Allen Walker Read, aliyeuchapisha mwaka 1963 na 1964 baada ya kupekua magazeti ya zama hizo.