Ushindani wa mimea: kwa nini gugu huzishinda nyasi

Ushindani wa mimea ni hali ya mimea iliyo jirani kugombea kitu kisichoitosha yote: maji, mwanga, rutuba au nafasi ya kuotea. Malishoni Nyando, karibu na Kisumu, wakati wa kiangazi kinachogombewa hasa ni maji, na mizizi ndiyo inayopigana. Mvua ikinyesha vizuri, ugomvi huhamia juu: aliye mrefu humnyima mfupi jua.

Nyasi za kienyeji si dhaifu. Sehemu inayochipua iko chini kabisa, karibu na udongo, kwa hiyo ng'ombe akila majani, nyasi huota tena. Shida huanza zinapoliwa kila siku bila kupumzika. Majani yakikosekana, mizizi hupungua, ardhi hubaki wazi, na gugu ambalo ng'ombe halitaki hupata maji na mwanga bila mpinzani. Kwa maoni yangu, hapa mifugo wetu ndio huamua mshindi.

Chukua gugu karoti, lenye majani yanayofanana na ya karoti na maua madogo meupe. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na lilipofika huku liliwaacha nyuma wadudu wengi wanaolishambulia kwao. Huweza kutoa maua mwezi mmoja hivi baada ya kuota, na mche mmoja mkubwa huzaa mbegu zaidi ya 10,000. Tena hutoa kemikali zinazozuia mimea jirani kuota na kukua. Ng'ombe akilila kwa kukosa kingine, maziwa huwa machungu.

Si kila mmea unaosambaa ni mgeni. Leleshwa, kichaka cha Nakuru na Naivasha, ni mzawa, ingawa nayo huteka malisho yaliyochoka. Na kayongo, gugu linalowasumbua wakulima wa magharibi mwa Kenya, halishindani tu na mahindi: hujishikiza kwenye mizizi yake na kuyafyonza. Huo ni unyonyaji, na dawa yake ni nyingine.

Gugu karoti ling'olewe kabla ya kutoa maua, mikono ikiwa imefunikwa, maana huwasha vibaya. Lakini mbegu zilizolala udongoni zitaota mvua ijayo palipo wazi. Mwenye shamba aligawe vipande, kimoja kipumzike mpaka nyasi zikomae na kudondosha mbegu, ndipo ng'ombe warudishwe.